Yuko Bomani

Ukimwambia mtu wa Kilosa kwamba unakwenda bomani, hatakuuliza unakwenda kutazama nini. Atajua unafuata cheti, kibali au kesi, maana boma ni ofisi ya serikali. Kwa wafugaji waliohamia kwetu, boma ni zizi la ng'ombe pamoja na nyumba za wenyewe. Lakini kwetu sisi tuliozaliwa mlimani, upande wa juu wa mto Mkondoa, boma lilikuwa gofu. Kuta nne za mawe juu ya kilima: mmoja umeanguka wote, mbili zimeanguka nusu, na wa nne umesimama na nafasi ya mlango usiokuwepo.

Nani alilijenga, watu walibishana. Bibi mzaa mama alisema ni Wadachi. Mumewe, kabla hajafariki, alisema ni Waarabu wa misafara, na kwamba Wadachi walizikuta kuta zimesimama wakaongeza chokaa tu. Baba alikuwa mgeni mlimani, mtoto wa kambi ya mkonge aliyeoa kwa wenye ardhi, kwa hiyo hakuwa na haki ya kubishana. Yeye alisema tu kwamba aliyejenga pale alipenda kutazama wenzake wakifanya kazi. Ukisimama ukutani unaliona bonde lote: mto, reli, mistari ya mkonge, na barabara ya kwenda Ulaya. Nasema Ulaya yetu, kijiji chenye baiskeli na siku za gulio, si ile nyingine.

Siku hizi naishi Mikumi, nawapikia madereva wa malori kando ya barabara kuu. Mwaka jana abiria mmoja, kijana msomi, aliniuliza huku akingoja wali wake kama huku kwetu kuna magofu ya kutembelea. Nikamwambia lilikuwepo moja, tukalitumia kujengea shule. Akacheka, akasema sisi hatujui kutunza historia. Nikamwongezea mchuzi, nikaenda kwa mteja mwingine. Ningekuwa na nafasi, na kama angekuwa na adabu zaidi kidogo, ningemweleza haya.

Mama alikufa mwanzoni mwa masika, mimi nikiwa darasa la tano. Aliugua siku nne. Nakumbuka mambo mengi ya wiki ile ila sikumbuki kuhisi kitu. Nakumbuka sufuria kubwa ya msibani iliyoazimwa kwa jirani, ilikuwa na kiraka cha bati karibu na ukingo. Wanawake walikuwa wanalia, nami nilikuwa nakitazama kile kiraka, najiuliza kwa nini mchuzi hauvuji. Shangazi yangu, dada wa baba, aliniinua kidevu akanitazama machoni, kisha akawageukia wenzake akasema, "Huyu moyo wake mkavu." Sikukasirika. Niliona amesema kweli, nikaendelea kutazama kiraka.

Kwetu wanawake hawaendi makaburini siku ya maziko. Jeneza huondoka na wanaume, wanawake hubaki na vyombo. Kwa hiyo sikuona alikowekwa. Nilichoona ni baba akirudi jioni na mikono myeupe kwa chokaa mpaka kwenye viwiko. Makaburi ya ukoo wa mama yalikuwa chini kidogo ya gofu, pale kilima kinapofanya bega kabla ya kushuka bondeni. Baba alikuwa ameokota mawe yaliyoanguka kutoka ukutani, akalizungushia kaburi. Nilimwekea maji ya kunawa. Alinawa viganja tu, chokaa ya mikononi akaiacha, na ilikaa siku mbili.

Baada ya arobaini alinipeleka. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kulitembelea boma nikiwa na sababu. Zamani tulikwenda kucheza tu, kuruka kutoka ukuta hadi ukuta na kutishana kwamba ndani kuna mzungu asiye na kichwa. Siku ile tulipanda polepole, baba mbele na jembe, mimi nyuma na kidumu cha maji. Kaburi lilikuwa na mawe pembeni, yamezama udongoni nusu, na upande wa kichwani lilisimama jiwe moja lisilofanana na mengine. Lilikuwa jiwe la kwenye mlango. Lilikuwa na tundu la duara, kina chake kama kidole, ambamo zamani chuma cha bawaba kilichomekwa. Mvua ya usiku ilikuwa imelijaza maji.

"Nimechagua hili kwa makusudi," baba alisema. "Hata majani yakiota yakafunika kila kitu, utalijua."

Nililitazama jiwe. Nilingoja kitu kije, kwa sababu nilijua kinatakiwa kuja, na shangazi angeuliza. Hakikuja. Nikamwambia baba tuondoke, nimeacha maharage motoni. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, twende, yasije yakaungua." Njiani nilitamani aniulize kama nina huzuni ili nimwambie sina. Hakuniuliza.

Nyumbani hatukutumia neno kaburi. Sijui nani alianza, nadhani ni mimi. Jirani akija kumtafuta baba, nilimwambia, "Amekwenda bomani." Mdogo wa mama akipita kutoka Lumuma akauliza kama tumeshafyeka kwa dada yake, baba alisema, "Nilikuwa bomani juzi, kuko safi." Na mtu akimtaja mama kwa kujisahau, kama watu wanavyofanya mtu akiwa amekufa karibuni, tulisema mama yuko bomani. Lilikuwa neno jepesi kutamka na halikumkwama mtu kooni. Mlimani kote walilielewa.

Kiangazi cha mwaka uleule ikaja operesheni. Watu wote wa mlimani tulitakiwa kushuka, tukakae pamoja kando ya barabara katika kijiji cha ujamaa, karibu na maji, shule na zahanati. Maji yalikuwepo. Shule ilikuwa na vyumba viwili na zahanati ilikuwa kibao tu cha jina. Tulipewa siku ya kubomoa paa zetu ili miti ya kujengea tushuke nayo. Lori lilikuja na mgambo wawili, wakapakia vitanda, kuku na wazee. Nasikia kwingine watu walichomewa nyumba. Sisi hatukuchomewa, tulihimizwa tu. Baba alipakia kila kitu, kisha akatoweka kama nusu saa. Dereva alipiga honi mpaka mgambo akachoka kumkataza. Baba alirudi anatembea kawaida, amebeba jembe. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

Bondeni tulimkuta karani ameweka meza juani. Alikuwa kijana, si wa kwetu, mwenye kalamu mbili mfukoni na subira ya moja. Alikuwa anaandikisha kaya, na foleni nyuma yetu ilikuwa ndefu. Baba alipofika mbele, kijana alimwamkia vizuri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Una mke?"

"Mmoja."

"Anaitwa nani?"

Baba akamtajia jina, naye akaandika. Kisha akainua kichwa akatutazama, akamwona baba na akaniona mimi.

"Mbona simwoni?"

"Yuko bomani," baba akasema.

Nina hakika hakukusudia kudanganya. Ndivyo tulivyokuwa tunasema. Lakini kwa karani boma lilikuwa Kilosa mjini, ofisi na hospitali na mambo ya watu wenye shida.

"Anaumwa?"

"Aliumwa. Sasa amepumzika."

Mtu mzima yeyote wa kwetu angeinamisha kichwa pale akasema pole. Huyu alikuwa na foleni. "Apumzike tu, mzee," akasema, "huku kazi haitamkimbia. Akirudi aje aweke dole gumba." Akaita kaya inayofuata.

Nilimngoja baba arudi amsahihishe. Alikunja kofia yake, akaanza kutembea kuelekea kwenye kiwanja tulichopewa. Nikamfuata.

"Baba, amemwandika mama."

"Nimeona."

"Si afutwe?"

"Nani amfute? Una kifutio?"

Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Nikamwambia sina. Wakati ule sikumwelewa, nilidhani ameona aibu kukata foleni ya watu. Sasa naelewa kwamba katika mwaka mmoja alilazimika kumwacha mama mara mbili, mara ya kwanza kwa ugonjwa na mara ya pili kwa lori, na pale mezani kwa bahati mbaya mtu alikuwa amemruhusu asimwache.

Shamba la kijiji lilianza asubuhi kwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye msufi. Mtu alikigonga kwa nati kubwa, tukakusanyika na majembe, watoto pia siku zisizo za shule. Karani alisoma majina. Akifika kwa baba, baba alisema, "Nipo." Akifika kwa mama, baba alisema, "Yuko bomani." Karani aliweka alama na kuendelea.

Mara ya kwanza watu wa mlimani walitazamana. Jirani yetu wa zamani, yule mwenye sufuria ya kiraka, alijifunika uso kwa kanga, na mabega yakamtikisika. Mpaka leo sijui kama alicheka au alilia. Hawakukubaliana, hawakuwa na kikao, walinyamaza tu. Kila mmoja alikuwa ameacha mtu wake kule juu, na pengine waliona si vibaya mmoja wao aitwe jina kila asubuhi pamoja na walio hai. Baada ya mwezi neno likawa la mzaha. Mtu akichelewa shambani, wenzake walimjibia, "Yuko bomani!" na karani akaanza kulalamika kwamba kijiji hiki kina kesi nyingi kupita kiasi.

Mimi sikucheka wala sikuchukia. Nilisikia jina la mama likiitwa kama ninavyosikia jina la mtu wa kaya nyingine. Nilikuwa naamka, nachota maji, napika uji, naenda shule, narudi. Watu waliniona mtoto mwema. Ukweli ni kwamba hakukuwa na mtu ndani.

Kisha kamati ya kijiji ikaamua kuongeza chumba cha tatu cha darasa, na msingi utakuwa wa mawe. Bondeni hakuna mawe, kuna udongo wa mfinyanzi tu. Mawe yalikuwa mlimani, tayari yamechongwa na yamelala. Kila mtu mzima aliyeandikwa alitakiwa kuleta mawe kumi. Baba alileta yake kumi kwa baiskeli, mawili mawili, akisukuma kuteremka mlima na kushika breki kwa soli ya kiatu. Alikuwa ameanza kufikiria ya mama wakati goti lake lilipoota jipu. Akalazwa nyumbani, mguu umenyooshwa juu ya gunia, hawezi hata kwenda msikitini. Hivyo mawe ya mama yakawa yangu.

Safari ya kwanza tulikwenda na shule nzima. Mwalimu wetu wa siasa na historia alitoka kanda ya ziwa, mtu mwenye sauti kubwa na viatu visivyofaa mlima. Alitupanga ndani ya kuta nne tukiwa tunahema. Upepo ulikuwa unapita kwenye mlango usiokuwepo. Chini tuliona kijiji chetu kipya, nyumba zimenyooka kwenye mistari kama matuta ya viazi, na mbali kidogo treni ya mizigo ikienda taratibu kuelekea bara.

"Boma hili lilikuwa la mkoloni," mwalimu alisema. "Alikaa hapa juu akawatazama babu zenu wakitumikishwa kule chini. Leo tunalibomoa kwa mikono yetu wenyewe. Kila jiwe lenye chokaa ni mali ya umma. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Tukatawanyika. Watoto wakubwa walinyakua mawe yaliyolala karibu. Mwalimu alisogea ukingoni kutafuta mengine, akatazama chini kwenye bega la kilima, akaona mawe yenye chokaa yamejipanga majanini.

"Na yale pale? Mbona hamyachukui?"

Wote tulisimama. Nusu yetu tulikuwa watoto wa mlimani. Nilisikia wenzangu wananitazama, maana kutazamwa kunasikika mgongoni. Nilimwangalia mwalimu tu. Msichana tuliyekaa naye dawati moja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, pale pana nyoka."

"Nyoka gani?"

"Mkubwa, mwalimu. Ana familia."

Mwalimu akarudi nyuma hatua mbili, akasema mawe ya ukutani yanatosha. Nilibeba langu kichwani nikashuka. Sikumshukuru yule rafiki yangu. Nilifikiri nitamshukuru baadaye nikianza kuhisi tena.

Nilipanda siku nyingine, na nyingine, baada ya masomo. Safari moja, jiwe moja. Nilifikisha tisa. Kufikia hapo mlima ulikuwa umekwanguliwa. Kijiji kizima kilikuwa kinachota mawe palepale, na kilichobaki ni ukuta wa nne na vipande vya kuta nyingine vilivyoshikana. Mkutano wa Ijumaa mwenyekiti alitangaza kwamba msingi unaanza kesho, akasoma majina ya ambao hawajamaliza. Jina la mama lilikuwemo. Atakayekuwa bado kesho, alisema, ataitwa mbele ya kijiji ajieleze yeye mwenyewe, asitume mtu, na kama hayupo bila sababu jina lake litakatwa.

Nilirudi nyumbani. Baba alikuwa kitandani, jipu limepasuka, ana nafuu. Aliniuliza mkutanoni wamesema nini. Nikamjibu kwamba msingi unaanza kesho. Akasema vizuri, kesho atajikokota aende, hata kama ni kupokeza mawe akiwa amekaa. Nikaelewa kwamba atakuwepo jina litakapoitwa. Ataulizwa mbele ya watu wote, na safari hii swali litakuwa na nafasi. Itabidi aseme kwa mdomo wake kwamba mke wake amekufa, na karani atakuwa na kalamu mkononi. Nikachukua ngata na panga butu, nikapanda mlimani peke yangu. Jua bado lilikuwa juu.

Nilijaribu ukuta kwanza, naomba hilo lijulikane. Nilichokoa kwa panga mpaka mikono ikaota malengelenge. Awe Mdachi, awe Mwarabu, aliyejenga ukuta ule aliijua kazi yake. Halikutoka hata jiwe moja. Nilizunguka kila upande nikitafuta lililoanguka, nikakuta kokoto. Halafu nikashuka kwenye bega la kilima.

Majani yalikuwa yameota kama baba alivyosema, na kama alivyosema, nililijua. Kulikuwa kumenyesha mvua za kwanza za vuli, na tundu lilikuwa limejaa maji. Mawe ya pembeni yalikuwa yamezama kabisa. Hili la kichwani lilikuwa limesimama lenyewe, linatikisika. Niliwaza kama mtu anayechagua nazi sokoni. Nikichukua la pembeni, litachanganyika na mengine kule chini nisilijue tena. Nikichukua hili, kaburi halitakuwa na alama, lakini jiwe nitajua liliko. Baba alisema utalijua, hakusema litakuwa wapi. Nilijua pia kwamba ninachokifanya ni kibaya, na kwamba hakuna mtu wa kwetu anayegusa jiwe la kaburi. Nilijua hivyo kama ninavyojua majina ya mito. Sikuomba ruhusa kwa sababu sikujua inaombwa vipi. Nililiyumbisha, likatoka, nikalipandisha kwenye goti, kisha kifuani, kisha kichwani juu ya ngata.

Sikukumbuka kumwaga maji. Nilipoanza kuteremka, jiwe likainama mbele na maji yakaanza kunitiririka usoni, kidogo kidogo, kila hatua. Mikono yote miwili ilikuwa juu, siwezi kujifuta. Kwenye njia ya chini nikakutana na yule jirani mwenye sufuria ya kiraka, amebeba kuni.

"Shikamoo."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Hatimaye unalia."

"Silii. Ni maji."

Akatua mzigo wake, akaja akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake. Kisha akaliona jiwe. Alilitazama muda mrefu kidogo, macho yake yakapanda mpaka juu kilimani, yakarudi kwangu.

"Ndiyo," akasema, "ni maji." Akajitwika kuni zake, akanipisha njia.

Karani alikuwa bado kwenye rundo la mawe, anakagua. Aliweka alama, akafurahi kwa dhati. "Mama yako amemaliza," akasema. "Akirudi mwambie amewashinda wengi waliopo hapa." Nikamwambia nitamwambia.

Kesho yake baba alikuja na fimbo. Walimkalisha kwenye gogo kati ya rundo na fundi, awe anapokeza. Sisi wanafunzi tulikuwa tunachota maji ya udongo. Majina ya wasiomaliza yalisomwa, la mama halikuwemo, na nikamwona baba akikunja uso kidogo kama mtu aliyesikia hesabu isiyokubali. Kazi ikaanza. Fundi akaomba jiwe la pembeni, kubwa, lenye uso ulionyooka. Baba akageuka kwenye rundo kulitafuta.

Alilikuta mara moja. Hakuliinua. Aliweka kidole gumba ndani ya lile tundu, akakaa hivyo.

"Hili la nani?" akauliza.

Karani, ambaye alipenda kuulizwa, akachungulia. "Hilo ni la mkeo, mzee. Limeletwa jana."

Baba akaanza kunitafuta kwa macho kati ya watoto. Nilikuwa nimesimama na ndoo. Nilingoja anyanyuke anipige mbele ya watu, alikuwa na haki hiyo, na nilikuwa nimeshachagua upande wa uso wa kumgeuzia. Alinitazama mpaka fundi akaanza kugonga mwiko wake kwenye ukingo wa karai.

"Ndiyo," baba akasema. "Ni la kwake."

Alilipeleka mwenyewe, amelikumbatia, anachechemea, amekataa kusaidiwa. Fundi akataka kuligeuza tundu liingie ndani, udongo ushike vizuri. Baba akasema hapana, tundu litazame nje.

"Nje litakaa wazi, mzee. Litaonekana baya."

"Lionekane," baba akasema.

Jioni nilipika ugali na mlenda. Alikula akamaliza. Aliniomba maji ya kunawa, nikamletea, na mikono yake ilikuwa myeupe kwa chokaa mpaka kwenye viwiko kama siku ile. Safari hii aliinawa yote. Nililala nikiwa kama nilivyokuwa jana na juzi.

Asubuhi kipande cha reli kikagongwa. Tulijipanga na majembe kwenye ukingo wa shamba, umande bado uko miguuni. Karani akasoma majina. Akafika kwa baba.

"Nipo."

Akasoma jina la mama, na kalamu yake ilikuwa inashuka tayari kwenye jina linalofuata, maana jibu alilijua.

"Yupo," baba akasema.

Kalamu ikasimama. Watu wa mlimani waligeuka wote. Yule jirani alishika kanga yake mdomoni.

"Amerudi?" karani akauliza. "Lini?"

"Juzi. Mwanangu huyu ndiye aliyemleta."

Karani akasema hongera, akaandika. Tukaanza kulima. Nilikuwa na tuta langu kama kila mtu, na tuta langu siku ile lilipinda, likaendelea kupinda, mpaka likaingia kwenye la jirani. Hakunigombeza. Alilima lake akanizunguka, akaniacha, kwa sababu nilikuwa sioni mbele na safari hii hayakuwa maji ya jiwe.